Watoto nyumbani siku nne: mwongozo wa Thanksgiving kwa familia zetu Marekani

Sikukuu ya Shukrani, ambayo hapa kila mtu anaiita Thanksgiving, huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo tarehe yake hucheza kati ya 22 na 28. Shule nyingi hufunga Jumatano na kufungua Jumatatu. Wilaya nyingine hufunga juma zima. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, Bujumbura, Tanga au Mombasa tunaiona kama siku ya kulala kidogo zaidi, au ya kupata malipo ya ziada kwa wanaofanya kazi kwenye maghala na nyumba za wazee. Watoto wanaiona kwa jicho lingine. Darasani wamekata bata mzinga wa karatasi, wamewasikia wenzao wakitaja watakwenda kwa shangazi yupi, na wanarudi nyumbani na swali moja: sisi je?

Habari njema ni kwamba sikukuu hii ina masharti machache mno. Haina ibada ya lazima, haina zawadi, haina nguo maalumu. Kuna kula pamoja, kushukuru na kukaa na ndugu, mambo ambayo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Na hata nyumba isiyoitambua sikukuu yenyewe, bado ina watoto wa kushughulishwa kwa siku nne mfululizo.

Nimepanga mambo kwa kufuata siku, lakini usijaribu kufanya yote. Chagua jambo moja kubwa kwa kila siku. Mengine yabaki akiba kwa saa ile watoto wanapoanza kugombania rimoti. Na kama mzazi ana zamu Alhamisi, hamishia karamu Ijumaa au Jumamosi na uwaambie watoto mapema. Mtoto hasumbuliwi sana na tarehe. Kinachomuudhi ni kutojua.

Wiki moja kabla

Anza na mambo yanayofungwa. Alhamisi yenyewe maktaba, benki, posta na ofisi za serikali hazifunguliwi, na maduka mengi makubwa ya vyakula hufunga kabisa au hufunga mapema. Maktaba nyingi hupunguza saa tangu Jumatano. Kwa hiyo safari ya maktaba ifanyike kabla, na ukiwa huko muulize mkutubi kama wana tiketi za makumbusho za kuazima. Mifumo mingi ya maktaba hapa inazo, na huisha haraka kuelekea likizo.

Familia zinazopokea msaada wa chakula wa SNAP zina mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Mpango unaoitwa Museums for All unaruhusu mwenye kadi ya EBT, ile ya SNAP, kuingia kwenye makumbusho na bustani za wanyama zilizojiunga kwa dola 3 au chini ya hapo kwa kila mtu, hadi watu 4. Unaonyesha kadi na kitambulisho chenye picha mlangoni, basi. Hakuna fomu wala maswali.

Jambo la pili ni nyama. Kama mnataka bata mzinga halali, agiza mapema kwenye bucha ya Wasomali au Waarabu iliyo karibu, kwa sababu juma la sikukuu hutampata. Kama mtanunua wa dukani aliyegandishwa, fanya hesabu ya barafu: kwenye friji, kila paundi 4 hadi 5 za uzito zinataka saa 24. Bata mzinga wa paundi 12, yaani kama kilo 5 na nusu, anataka siku 3. Akitakiwa kuingia oveni Alhamisi asubuhi, aingie friji Jumapili usiku au, kwa kuchelewa kabisa, Jumatatu asubuhi. Ukisahau, mzamishe akiwa ndani ya mfuko wake kwenye maji baridi, nusu saa kwa kila paundi, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Hiyo ni kazi ya mtoto wa miaka minane mwenye saa ya kengele: yeye ndiye mkuu wa maji, na atakufuata hadi bafuni kukwambia muda umefika.

Lakini kama nyumba yenu haimpendi bata mzinga, mwacheni. Nyama yake ni kavu ukilinganisha na kuku tuliyemzoea, na hakuna sheria. Kuku wawili wa kuchoma au mguu wa mbuzi unafanya kazi ileile.

La tatu ni kugawa kazi. Kaeni mezani siku moja jioni, andika karatasi, kila mtoto apate kazi yenye jina lake na ibandikwe kwenye mlango wa friji. Wa miaka 3 hadi 5 anaweza kuosha viazi, kuchambua majani ya kotimiri, kuhesabu sahani. Wa 6 hadi 9 anapima unga, anaponda viazi, anamenya mayai yaliyochemshwa. Wa 10 na zaidi anaweza kushika kisu kidogo akiangaliwa, na kusoma kipimajoto cha nyama. Kazi iwe ya kweli, ile ambayo isipofanyika mezani patakuwa na pengo. Mtoto akipewa kazi ya kumpotezea muda huijua mara moja.

Jumatano: maandazi ya boga na mbegu dirishani

Wamarekani hula mkate mtamu wa boga, uitwao pumpkin pie, siku hii. Sisi tuna maandazi, na boga ndani ya maandazi linakaa vizuri ajabu. Kwa familia ya watu sita:

Vikombe 3 na nusu vya unga wa ngano
Kikombe 1 cha boga lililochemshwa na kupondwa, au la kopo
Nusu kikombe cha sukari
Kijiko 1 na nusu cha chai cha hamira ya chenga
Kijiko 1 cha chai cha iliki iliyosagwa
Chumvi kidogo
Tui la nazi la vuguvugu, kama robo kikombe

Angalia kopo kabla ya kununua: liwe la boga tupu, si lile lililokwisha kutiwa sukari na viungo kwa ajili ya mkate mtamu. Yanakaa rafu moja na yanafanana.

Mtoto achanganye vitu vikavu, kisha boga, halafu tui liingie kidogo kidogo, maana boga lina maji yake na huwezi kujua litachukua kiasi gani. Kandeni mpaka unga uache kushika mikono. Kama bado unanata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Funika, weka mahali pa joto saa moja au zaidi, mpaka uumuke. Kusukuma na kukata ni kazi ya watoto, na hapa usiwe mkali kuhusu pembetatu. Wakitaka kukata nyota, au herufi za majina yao, wakate. Kukaanga ni kwa mkubwa peke yake, na watoto wakae upande wa pili wa meza wakati mafuta yako motoni.

Unga unapoumuka kuna saa nzima tupu. Itumie kwa mambo mawili.

La kwanza ni siagi ya chupa. Nunua krimu nzito ya maziwa, mimina kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, nusu tu, na uiache nje ya friji kidogo ipoteze ubaridi. Watoto wapokezane kuitikisa. Kwanza itakuwa povu zito na watadhani imeharibika au haisogei tena, waambie waendelee. Baada ya dakika kumi na zaidi mtasikia kitu kikigonga ndani: siagi imejitenga na maziwa. Chuja, ioshe kwa maji baridi, tia chumvi. Bibi aliyewahi kusuka maziwa kwenye kibuyu atacheka sana akionyeshwa kwenye simu.

La pili ni maharage. Chukua punje kadhaa za maharage makavu ya jikoni, loweka usiku kucha, Alhamisi asubuhi uziweke kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi ya jikoni iliyolowana, na ubandike mfuko huo dirishani kwa gundi ya karatasi. Kufikia Jumapili au Jumatatu, nyumba ikiwa na joto, mzizi mweupe utaanza kuchungulia. Kila mtoto awe na mfuko wake wenye jina, la sivyo mtagombana juu ya mzizi ni wa nani.

Hadithi ya Jumatano usiku

Kabla ya kulala, wape hadithi ya siku yenyewe, na uwape ya kweli. Shuleni mara nyingi hupata ile fupi: wageni walifika, wenyeji wakawalisha, wakawa marafiki. Mtoto aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au aliyesikia habari za vita vya Uvira, Kongo, ana uwezo wa kuelewa zaidi ya hapo.

Anza kwa kawaida yetu. Hadithi, hadithi! Waitikie: hadithi njoo!

Palikuwa na mtu aliyeitwa Tisquantum, wa kijiji cha Patuxet, katika nchi ya Wampanoag, kwenye pwani ambayo leo ni jimbo la Massachusetts. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza alimteka pamoja na wenzake akawapeleka Hispania kuwauza. Tisquantum akaponyoka, akafika Uingereza, akajifunza lugha yao, na mwaka 1619 akafanikiwa kurudi kwao. Akakuta kijiji hakipo. Maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu yalikuwa yamewamaliza watu wake. Mwaka uliofuata meli Mayflower ikaleta abiria 102, na wakajenga pale pale Patuxet, wakapaita Plymouth. Karibu nusu yao walikufa majira yale ya baridi kwa njaa na magonjwa. Ilipofika masika ya 1621, ni Tisquantum aliyewaonyesha namna ya kupanda mahindi kwa kufukia samaki shimoni kama mbolea. Mavuno yakapatikana. Kiongozi wa Wampanoag, Ousamequin, akaja na wanaume wapatao 90, wakaleta paa watano, wakala pamoja siku tatu.

Mtoto atauliza: halafu? Usimkatize. Mwambie kwamba urafiki ule haukudumu, kwamba ardhi iliendelea kuchukuliwa, na kwamba tangu 1970 wapo wenyeji asilia wanaokusanyika Plymouth kila Thanksgiving kuiadhimisha kama siku ya maombolezo. Wampanoag bado wapo; Mashpee na Aquinnah ni jamii zao mbili zinazotambuliwa na serikali. Kwa sababu hiyo, mimi ningewaacha wale wanaovalisha watoto kofia za manyoya za karatasi za kuigiza wenyeji asilia waendelee bila sisi. Mtu akivaa kanga au vitenge kwa mzaha tunajua tunavyojisikia.

Sikukuu ya kitaifa ilikuja baadaye sana. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Alhamisi ya nne iliwekwa kisheria mwaka 1941.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo watoto wetu wanapaswa kuijua kuliko watoto wote wa darasa. Wampanoag na majirani zao walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Mmea wa mahindi unasimama kuwa mti wa maharage kutambaa, maharage yanarutubisha udongo, majani mapana ya boga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasiote. Mtu yeyote aliyelima Kivu, Ruvuma au Meru analijua shamba hilo kwa macho. Mazao hayo yalivuka bahari kutoka Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuyafikisha mahindi pwani yetu. Kwa maneno mengine, makande ya mama, au githeri kama wewe ni wa kutoka mlima Kenya, yana haki ya kukaa kwenye meza ya Thanksgiving kuliko vyakula vingi vya kopo vinavyowekwa pale.

Yapikwe basi. Mahindi meupe yaliyokobolewa yanapatikana kwenye makopo katika rafu za vyakula vya Kimeksiko, kopo limeandikwa hominy. Chukua makopo 2 ya hayo na 2 ya maharage, chuja maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mahindi na maharage na kikombe cha maji, chemsha robo saa. Tia vipande vya boga, vikombe viwili hivi, robo saa nyingine. Malizia kwa tui zito na chumvi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuipika sufuria hii karibu peke yake, na ndiye atakayewaeleza wageni mezani kwa nini ipo.

Alhamisi asubuhi: simu kabla ya gwaride

Makosa ya kawaida ni kupiga simu nyumbani baada ya kula. Mkimaliza kula saa kumi jioni Columbus au Louisville, Nairobi ni saa sita usiku, na bibi amelala zamani. Novemba, saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 8, na nyuma ya Bujumbura, Kigali, Bukavu na Lubumbashi kwa saa 7. Dallas na Minneapolis ongeza saa moja, Denver mbili, Seattle na Los Angeles tatu. Saa tatu asubuhi Columbus ni saa kumi na moja jioni Tanga, na saa kumi jioni Bukavu. Huo ndio wakati.

Simu hii iwe kazi ya watoto. Tangu 2015 shirika la StoryCorps limekuwa likiwahimiza vijana wa Marekani wamhoji mzee na kumrekodi katika likizo hii hii, na wazo hilo linatufaa kuliko wanavyojua. Jumatano kila mtoto aandike maswali matatu. Akiandika kwa Kiingereza, tafsirini pamoja, kisha ayasome kwa sauti mara kadhaa mpaka ulimi uzoee. Tatizo la simu zetu nyingi ni kwamba mtoto anashikishwa simu ghafla, anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba, halafu kimya, na bibi anabaki akisema "wamesahau lugha". Mtoto mwenye maswali mkononi hana aibu hiyo.

Maswali mazuri ni yale yanayodai kisa. "Ulipokuwa na umri wangu mlikula nini siku ya sikukuu?" "Ni nani alikuwa mtundu zaidi kati ya baba na ndugu zake?" "Nyumba yenu ilikuwaje?" "Jina langu limetoka kwa nani?" Hilo la mwisho halikosi kuleta kitu. Mwombeni ruhusa kwanza, wekeni simu moja kwenye spika na nyingine irekodi sauti. Mpigieni simu huyo anayeitwa bibi, nyanya au koko, kila nyumba na jina lake, lakini mtumieni vifurushi vya intaneti siku moja kabla ili mazungumzo yasikatike katikati ya kisa.

Baada ya hapo washeni televisheni. Gwaride la duka la Macy's limekuwa likipita mitaa ya New York tangu 1924, na maputo makubwa yalianza 1927. Kituo cha NBC hulionyesha asubuhi hadi adhuhuri, kwa saa za pale ulipo. Ili watoto wasikae kama magunia, chora miraba tisa kwenye karatasi na kila mmoja uwe na kitu cha kukitafuta: puto la mnyama, mtu anayetembea kwa mironjo, bendi yenye ngoma, farasi, mtu aliyevaa kama chakula, na kadhalika. Anayepata mitatu kwa mstari anachagua andazi la kwanza. Mraba mmoja uwe wa Santa Claus, kwa kuwa yeye hufunga gwaride, na hivyo mchezo hauishi mapema. Philadelphia, Detroit, Chicago na Houston wana magwaride yao, kama mnaweza kwenda wenyewe; vaeni nguo tabaka juu ya tabaka, na vidole vya watoto vifunikwe kabla hawajalalamika.

Kwa wenye miguu isiyotulia, miji mingi ina mbio za asubuhi, na zile za Buffalo zilianza 1896. Karibu kila mahali kuna mbio fupi ya watoto. Kujiandikisha ni wiki kadhaa kabla.

Jikoni na mezani

Neno moja kuhusu kuosha nyama. Tumezoea kuosha kuku kwa ndimu, na kumwambia mama asioshe ni kutafuta maneno. Hata hivyo wizara ya kilimo ya Marekani inashauri bata mzinga asioshwe, kwa kuwa maji hurusha vijidudu kwenye sinki, vyombo na mikono ya watoto waliosimama pale. Moto ndio unaoua. Kama lazima ndimu ipite, mpake baada ya kumkausha kwa karatasi ya jikoni, watoto wakiwa mbali. Oveni isipungue nyuzi 325 za Farenhaiti. Yule wa paundi 12 huchukua kama saa 3. Msomaji wa kipimajoto achome kwenye mnofu mnene wa paja na wa kidari bila kugusa mfupa, na atangaze kwa sauti: ikifika 165 ameiva.

Wakati anapoiva, watoto watengeneze kadi za majina ya mezani. Kuchora kiganja kwenye karatasi, kidole gumba kiwe kichwa na vingine mkia, ndiyo njia ya kila shule hapa na hakuna la kueleza zaidi.

Mezani, Wamarekani wengi huzunguka na kila mtu kusema anachoshukuru. Watoto wakubwa huona haya na wadogo wote hurudia alichosema wa kwanza. Jaribu njia nyingine: weka bakuli la maharage na chupa tupu katikati tangu asubuhi. Kila mtu aliyeona jambo zuri limefanywa na mwingine, hata kumsaidia kufunga kamba za viatu, anatia harage moja na kulitaja. Wakati wa kula mnakumbushana yaliyotajwa. Mtoto husema kwa urahisi zaidi jambo lililotokea leo kuliko kushukuru kwa jumla.

Kisha vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango (yai). Kuku wangu ametagia miibani (nanasi). Kila niendapo ananifuata (kivuli). Asiyejua anatoa mji, na mtegaji anautalii mji huo kabla ya kutoa jibu. Watoto waliozaliwa hapa huupenda utaratibu huu wa mji kuliko vitendawili vyenyewe, hasa wakipewa New York au Paris.

Mkisha kushiba, nusu saa ya kutoka nje ni lazima, hata kama kuna baridi. Wamarekani watakuwa wakitazama mpira wao. Timu ya Detroit Lions inacheza siku hii tangu 1934 na Dallas Cowboys tangu 1966. Nyinyi fungeni mpira wa soksi, mcheze rede, ambayo Wakenya wanaiita kati: wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa, anayeguswa anatoka. Kombolela inataka kopo moja tupu na mahali pa kujificha. Kwa wakaao ghorofani penye jirani mwenye hasira, mdako hauna kelele: mawe madogo kumi, duara kwenye zulia, na shangazi mmoja anayejidai amesahau.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa watu hukimbilia madukani. Kupeleka watoto huko ni adhabu kwenu na kwao. Nendeni mbugani. Jimbo la Minnesota, kwa mfano, huruhusu kuingia bure kwenye hifadhi za jimbo siku hiyo, na majimbo mengine yana utaratibu kama huo, kwa hiyo tazama tovuti ya hifadhi za jimbo lako. Ijumaa hii pia ni siku ya kitaifa ya urithi wa wenyeji asilia wa Amerika, na makumbusho yenye sehemu yao yanafaa kutembelewa baada ya hadithi ya Jumatano.

Jioni ni ya sambusa za mabaki, na kwangu hii ndiyo shughuli bora ya likizo nzima. Chambueni nyama ya bata mzinga iwe nyuzi ndogo. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, tia nyama, bizari nyembamba, pilipili manga, kotimiri, na ndimu mwishoni. Iwe kavu kabisa na ipoe. Nyama yenye maji hutoboa manda. Kwa manda tumia karatasi za kukunjia za duka la Kichina, ukate vipande virefu vyenye upana wa vidole vinne. Changanya unga na maji kuwa gundi. Mfundishe mtoto kukunja kona ya kwanza kuwa pembe, kugeuza iwe mfuko, kujaza kijiko kimoja tu, kisha kufunika na kubandika. Tano za kwanza zitafanana na bahasha zilizokaliwa. Kufikia ya kumi mkono unakuwa umeelewa. Mkubwa akaange, au mzipake mafuta na kuzioka kwa nyuzi 400 za Farenhaiti mpaka zibadilike rangi, mkizigeuza mara moja.

Mifupa isitupwe: ichemsheni supu. Ila mtoe kwanza ule mfupa wa kidari wenye umbo la V, muuoshe na kuuanika jikoni. Watoto wa hapa huuvuta wawili wawili, kila mmoja upande wake, na anayebaki na kipande kirefu hupata alichoomba kimoyomoyo. Mbichi hupinda tu. Unataka siku mbili tatu za kukauka, kwa hiyo uvutwe Jumapili. Mkiwa na watoto zaidi ya wawili, pigeni kura mapema.

Jumamosi iwe nyepesi. Watoto wachague nguo zisizowatosha na vyakula vya kopo vya kupeleka benki ya chakula, kanisani au msikitini. Piga simu kwanza, maana nyingi hufungwa juma hili, na waache watoto wabebe wenyewe.

Jumapili

Asubuhi angalieni mifuko ya dirishani, vuteni mfupa, na mtumie nyumbani picha za siagi na sambusa pamoja na zile sauti mlizorekodi. Mchana mabegi ya shule yafunguliwe, kwa sababu pengine kuna kazi ya nyumbani iliyolala humo tangu Jumanne. Kisha friji: chakula kilichopikwa Alhamisi na kuingizwa friji ndani ya saa mbili hudumu siku 3 hadi 4, kwa hiyo kilichobaki kiliwe leo au kigandishwe. Sambusa ambazo hazijakaangwa hugandishika vizuri. Zipangwe kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa ngumu ziingie mfukoni, na zitatoka moja kwa moja hadi kwenye mafuta siku yoyote ya Desemba mtakayochelewa kurudi kazini.